Bata, Kuku na Shomoro wa Abu Kamil

Ndugu msomaji, wewe unayeziona hesabu za x na y ukasema "haya ni mambo ya wazungu", hebu subiri kidogo. Jina lenyewe, aljebra, ni la Kiarabu: al-jabr. Limetoka kwenye kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekiandika Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni wasia na mirathi, na ukikosea hapo, umekula haki ya yatima.

Baadaye akaja Abu Kamil wa Misri (takriban 850–930). Aliona watu, wasomi na wasiosoma, wakiulizana maswali ya ndege na kujibu kwa kubahatisha tu. Akawaandikia kijitabu. Swali mojawapo: una dirhamu 100, nunua ndege 100. Bata ni dirhamu 5, kuku dirhamu 1, shomoro 20 kwa dirhamu 1. Kila aina wangapi?

Wewe uliyekulia Garissa kwenye soko la mifugo usiogope. Idadi ya kuku hatuijui, lakini ni 100 ukitoa bata na shomoro. Basi kwenye hesabu ya pesa, mahali pa kuku weka hayo:

bata × 5 + (100 − bata − shomoro) + shomoro ÷ 20 = 100

Zile 100 zinaondoka. Inabaki bata mara 80 ni sawa na shomoro mara 19. Kwa kuwa ndege hakatwi vipande, shomoro ni 80 (160 wanazidi mia), bata 19, kuku 1. Jumlisha pesa: 95 na 1 na 4.

Swali lake jingine halina jibu kabisa. Na la ndege aina tano alilipatia majibu 2,676! Watu walishangaa, wengine wakamtilia shaka, ndiyo maana akaeleza njia yake.

Sasa lako. Tuseme mbuzi ni shilingi 6,000, kondoo 5,000. Mzee amenunua wanyama 20 kwa shilingi 112,000. Kondoo ni 20 kutoa mbuzi. Weka hapo, utapata mbuzi 12 na kondoo 8. Dalali akidai jumla ni 112,500, mwambie akuonyeshe yule nusu mbuzi.