Fyusheni, Yaani Mseto: Istilahi ya Gitaa

Katika istilahi zilizotujia pamoja na gitaa la umeme, sioni iliyo ngumu kufasiriwa kuliko fyusheni. Neno hili, jina la muziki uliochanganya jazi na aina nyingine, lilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1970, baada ya Miles Davis kuingiza gitaa na piano za umeme katika bendi yake ya jazi na kutoa santuri yake Bitches Brew mwaka 1970. Na John McLaughlin, Mwingereza aliyepiga gitaa katika santuri hiyo, akaunda Mahavishnu Orchestra mwaka 1971, kisha Shakti, ambamo aliketi pamoja na mabingwa wa Kihindi, Zakir Hussain kwenye tabla na L. Shankar kwenye fidla. Asili ya fyusheni ni neno la Kilatini la kuyeyusha madini; lakini asikilizaye Shakti hawezi kusema kwamba tabla imeyeyukia ndani ya gitaa, maana kila sauti yafahamika ilikotoka.

Kwa hiyo neno myeyuko, ijapokuwa lina uaminifu kwa Kilatini, lina khiana kwa muziki. Muungano limekwisha kushikwa na siasa tangu mwaka 1964, na mchanganyiko ni pana mno, hata saruji na mchanga huitwa hivyo. Mimi nashika mseto. Wajuao asili ya maneno watasema kwamba limetokana na kuseta, yaani kuponda, na ni kweli. Walakini mwenye kula mseto wa mchele na choroko, hata ukipondwa namna gani, huitambua choroko kwa rangi na kwa ladha, wala hapana mtu auitaye wali.

Jambo lenyewe lilikuwako kwetu kabla ya jina lake la kigeni. Tangu mwaka 1933 santuri za Kikuba zenye alama ya GV zilienea Afrika, na waliozisikia wakazihamishia kwenye gitaa zao. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, aliita bendi yake Cuban Marimba, jina linalotaja Kuba na ala ya Kiafrika kwa pumzi moja. Katika mji huo huo ndiko alikopatia sifa Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo na mwimbaji wa Morogoro Jazz, aliyeunda Super Volcano mwaka 1973 na kufariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Vijana wampendao, nao ni wengi hata leo, hutamani kumwiga, na aghalabu huanza na vidole: hushika nyuzi mbili nyembamba, wakazipandisha na kuzishusha sambamba mpaka zifanane na santuri. Zikisha kufanana hushangaa kwamba wimbo bado haujachangamka.

Sababu ni kwamba wamejifunza choroko pasipo mchele. Kipande cha solo katika muziki wa dansi hukaa juu ya gitaa la ridhimu na besi, na uzuri wake hutokana na mahali kinapoangukia: huchelewa kidogo ridhimu inapowahi, hunyamaza mwimbaji anapoingia, kisha wimbo ukifika kwenye chemko, yaani sehemu yake ya kuchangamka, hurudiarudia maneno yake machache kwa mabadiliko madogo, mchezaji asichoke. Amtakaye Mbaraka na apige ridhimu yake kwanza, wimbo mzima, mpaka mkono wa kulia uende bila kuamrishwa. Ndipo asikilize solo, nayo itamweleza mengi ambayo vidole peke yake havikuyajua.

Nikifikiri mwanafunzi wa namna hiyo akiwa Chidya, wilayani Masasi, naona ana utajiri ambao huenda hajauhesabu. Nchi ya Masasi ilipokea misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, naye ndiye yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Pamoja na misheni zikaja tenzi za kanisani zenye sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, na kijana aliyelelewa katika kwaya ana sikio lililokwisha kuzoea sauti mbili sambamba kabla hajashika gitaa. Kadhalika amesikia sindimba ya Wamakonde, ambamo ngoma kadhaa hulia pamoja, kila moja na mapigo yake, na mguu wa mchezaji huchagua ipi ya kuifuata. Huo ndio mpango wa solo, ridhimu na besi, ila badala ya nyuzi ni ngozi.

Tena bendi zetu hazikuona haya kutaja ngoma zilikotoka. Nuta Jazz iliuita mtindo wake Msondo, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ikashika Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Neno mtindo kwa wanamuziki hao lina maana zaidi ya namna ya kupiga: ni mwendo, uchezaji na jina vyote pamoja, na naliona ndilo mwenzi halisi wa mseto katika istilahi hizi, kwa kuwa mseto wataja viungo, na mtindo wataja mkono uliovipika. Kijana wa Chidya akimfuata Mbaraka hadi kwenye ridhimu yake, kisha akaacha mapigo ya sindimba yaingie chini ya solo ile, atakuwa na mtindo unaohitaji jina, na jina hilo aweza kulitafuta wilaya jirani ya Newala au Masasi kwenyewe, katika ngoma alizozikuta.