Pilipili Yasingiziwa

Marehemu baba alikuwa na vidonda vya tumbo. Alikatazwa pilipili na maharage, akaamriwa maziwa. Alitii miaka mingi, asipone.

Ndugu wasikilizaji, zamani hata mabingwa wa tiba walilaumu wasiwasi na chakula kikali. Kijidudu gani, waliuliza, kingeishi ndani ya asidi ya tumbo? Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walikiotesha maabara. Vyombo viliachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya Pasaka. Kumbe chenyewe huota polepole! Wenzao walipotilia shaka, mwaka 1984 Marshall alikinywa. Baada ya siku chache akatapika, na tumbo lake likakutwa limevimba ndani. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005.

Maziwa hutuliza kidogo, kisha huchochea asidi. Pilipili yaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini haikileti. Vidonda vingi huletwa na kijidudu hicho, ambacho hupimwa na kutibiwa kwa antibiotiki, au na dawa za maumivu kama aspirini, ambazo sisi humeza kama karanga.

Baba alifariki mwaka 1993. Mpaka siku zake za mwisho alituomba pilipili kidogo, nasi tukimnyima.