Shibe ya Muhogo

Mtu apitaye vijiji vya Sandoa huona mihogo kila upande, akasema, "Hapa hakuna njaa." Je, asema kweli? Na tutazame kwanza mambo ya kale.

Muhogo si mmea wa asili ya nchi yetu. Wareno waliutoa Brazili katika miaka ya 1500, wakauleta pwani ya Kongo na Angola. Toka shamba hata shamba ukafika kwa Walunda, nchi ya Mwant Yav, kabla ya Wazungu wenyewe. Wazee waliupenda, na haki yao: hustahimili ukame, hungoja ardhini hata siku ya kuhitajiwa. Lakini unga wake hutia nguvu tu. Vitu vya kujenga mwili ni haba. Zamani bukari ililiwa pamoja na nyama ya porini, samaki, viwavi na maharagwe.

Kisha yakaja machimbo ya shaba. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ikawapa posho ya unga, maharagwe, karanga, mafuta, nyama au samaki. Vijijini walibaki akina mama wengi, na jembe, na muhogo. Baada ya 1990 Gécamines, mrithi wa kampuni hiyo, ilidhoofika, hata mjini shida ikaingia.

Mwaka 1935 mganga Cicely Williams alitangaza ugonjwa ambao Waga wa Ghana huuita kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi. Watu humdhania amenona, kumbe mwili wake una njaa. Uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5, 43 wamedumaa. Ule wa 2017-2018 ulihesabu 42. Na katika wanawake 100, mwaka 2013-2014, 38 walipungukiwa damu. Mama dhaifu huzaa mtoto dhaifu.

Basi, wazazi, tusiung'oe muhogo. Tupande karanga na maharagwe kando yake, sombe tuipike kwa karanga. Na nyama ikipatikana, baba asijichagulie minofu yote: mama mwenye mimba na mtoto aliyeachishwa ziwa wapewe kwanza. Katika sala twaomba mkate "wetu", hatusemi "wangu".