Nguruwe pori wa Texas: Risasi ipi, na ulenge wapi?

Mkulima wa Texas, Marekani, anaweza kulala akiwa na shamba la mahindi, akaamka na kukuta mistari mizima imefukuliwa. Wahusika ni nguruwe pori, wazao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania tangu karne ya 16, wakachanganyika baadaye na nguruwe mwitu wa Ulaya. Si ngiri wa Serengeti hawa, ingawa kwa fujo wanafanana.

Idara ya Kilimo ya Marekani inakadiria wapo takriban milioni 6 nchini humo. Texas inaongoza. Tangu 2019, mtu hahitaji leseni kuwawinda kwenye ardhi binafsi ya jimbo hilo, mradi mwenye ardhi karuhusu. Kwa hiyo hata wasio na uzoefu wanajitosa.

Moyo uko chini

Aliyezoea kuwinda kulungu hulenga nyuma kidogo ya bega, katikati ya mwili. Kwa nguruwe, hapo kashakosea. Mapafu yake yamekaa mbele na chini zaidi, na moyo uko karibu na usawa wa viwiko vya miguu ya mbele. Ukipiga nyuma sana unapata ini au utumbo. Mnyama hafi papo hapo, anakimbilia kichakani kuteseka, na anayemfuata gizani anaweza kukutana na meno yake.

Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, kisha simama kwenye theluthi ya chini ya mwili. Akiwa amegeuka kidogo kwenda mbele, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Kuna wanaopenda chini ya sikio, maana nguruwe huanguka palepale. Sawa, lakini ubongo ni mdogo na kichwa cha nguruwe anayekula hakitulii. Hiyo ni ya umbali mfupi na bunduki iliyoegemezwa vizuri.

Kaliba si kila kitu

Dume mzima ana "ngao", yaani ngozi nene na ngumu mabegani inayomkinga wakipigana. Haizuii risasi nzuri, ila nyepesi inayovunjika haraka inaweza kuishia juujuu.

Ndiyo maana ubishi wa .223 au .308 unawapotosha wengi. .223, yenye kichwa cha karibu gramu 4, inaua ikipigwa mahali sahihi na kwa karibu. .308, ya karibu gramu 10, inasamehe zaidi pembe ikiwa mbaya. Kwa zote mbili, angalia kichwa cha risasi kimetengenezwaje: chagua kinachotanuka bila kusambaratika, kama cha shaba tupu au chenye ncha laini iliyoshikamana na gamba lake.

Risasi za mtindo wa kijeshi, zilizofunikwa gamba gumu, ni rahisi kwa bei lakini hazitanuki. Zinatoboa tundu jembamba na kuendelea na safari, kwa hiyo nyuma ya nguruwe huyo akiwepo ng'ombe, au mtu, kazi imeharibika. California imepiga marufuku risasi zenye madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, hivyo huko wengi hutumia shaba.

Wakati wa kuchuna, vaa glovu. Nguruwe hawa hubeba brusela, inayoingia kwa binadamu kupitia damu na michubuko. Nyama ipikwe hadi nyuzi 71 za Selsiasi.