Balbu mpya, holda ya zamani

Leo tuweke kompyuta kando tuongee juu ya balbu. Jirani yangu hapa Milimani, Kisumu, ana Kombi ya miaka ya 1970 aliyoiwekea kitanda, jiko na taa ili wikendi akalale kando ya ziwa. Ameniomba nimsaidie kubadilisha balbu zote, za ndani na za nje, ziwe za LED. Kwa mtu wa programu kama mimi, kazi hii ni somo la historia.

Tuanze mwanzo. Magari ya kwanza yalitumia taa za mafuta au za gesi ya kabaidi. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yenye umeme wa kuwashia injini na taa, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Tangu hapo balbu ya gari ikawa waya mwembamba ndani ya kioo, unaopata moto mpaka unang'aa. Umeme mwingi unaishia kuwa joto tu.

Sasa itazame holda yake. Balbu nyingi za gari zina pini mbili ubavuni: unasukuma, unazungusha, imeshika. Ni umbo lile lile la balbu za nyumbani tulilorithi kwa Waingereza, ila dogo. Ya nyumbani ina kipenyo cha milimita 22, ya gari 15. Wanaprogramu wenzangu wataelewa: holda ni mkataba. Ukiutimiza, kilichomo ndani unaweza kukibadilisha upendavyo.

Na kilichomo kimebadilika kweli. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa General Electric, Marekani, alionyesha LED ya mwanga mwekundu. Nyeupe ilichelewa miaka 30 na zaidi, kwa kuwa ilihitaji kwanza bluu yenye nguvu. Hiyo ilitolewa mwaka 1993 na Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwa anayelala garini, faida ni hesabu rahisi. Balbu 6 za zamani za wati 10 zinavuta ampea 5 kwenye betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake, inakupa saa 10. LED 6 za wati 1.5 zinavuta ampea 0.75 tu: saa 66. Ndani, basi, badilisha bila wasiwasi, ila angalia chanya na hasi, maana LED nyingi hupitisha umeme upande mmoja tu.

Nje ndiko kwenye mambo. Mkataba ule ulikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote. Flasha, kile kisanduku kinachofanya indiketa iwake na kuzima, ilitengenezwa ikitegemea balbu ya wati 21. Ukiweka LED ya wati 3, katika magari mengine indiketa hupepesa mbiombio kana kwamba balbu imeungua; katika mengine haipepesi kabisa. Mafundi wengine huongeza rezista. Inafanya kazi, lakini inarudisha lile joto la bure tulilokuwa tunalikimbia. Afadhali ubadilishe flasha yenyewe.

Halafu kuna rangi. LED nyeupe ina wekundu kidogo, hivyo nyuma ya kioo chekundu breki huonekana hafifu. Tumia LED nyekundu. Taa kubwa za mbele ndizo hatari zaidi: kioo chake kilipimwa kulingana na mahali waya wa balbu ulipokaa. LED isiyokaa pale pale hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Barabara ya Busia usiku ina bodaboda na watembea kwa miguu. Kosa la hapo halina nafasi ya kurekebishwa.

Kwa hiyo tumekubaliana na jirani: ndani zote LED, nyuma LED nyekundu na flasha mpya, mbele zibaki za zamani. Kuingia kwenye holda ni jambo moja, kufanya kazi ya ile balbu ya kwanza ni jingine.