Jembe la Mfungwa na Mfuko wa Mgeni: Kifungo na Uangalizi katika Bonde la Kilombero

Katika bonde la Kilombero, kutoka Mkula chini ya milima ya Udzungwa hadi ng'ambo ya Ifakara, yako magereza mawili yajulikanayo kwa kilimo, nayo ni Kiberege na Idete. Mfungwa apelekwaye huko hupewa jembe, na jasho lake huchangia chakula chake mwenyewe. Gereza, basi, lina shamba la kulisaidia. Uangalizi wa mkosaji aliyeachwa nyumbani kwake hauna shamba. Kwa hiyo historia yake haieleweki vema pasipo kuuliza ni nani aliyeugharimia.

Maneno yenyewe yatoa ushahidi. Gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na huko Kilwa Kisiwani ndilo jina la ngome kongwe iliyo ufukweni. Kifungo chatokana na kufunga, kitendo cha kamba na mlango. Lugha ilikuwa na jengo na kamba kabla haijahitaji jina la adhabu isiyo na ukuta. Jina hilo lilipohitajika yalikuja mawili: uangalizi, lililozaliwa katika Kiswahili, na probesheni, lililotoka Kiingereza. Hata hivyo, neno lililozoeleka zaidi vinywani mwa watu ni kifungo cha nje. Ukuta umeondoka, lakini kamba imebaki katika usemi.

Idara ya Magereza ya Tanganyika ilitengwa na Polisi mwaka 1931. Sheria juu ya uangalizi wa wakosaji ilitungwa mwaka 1947, katika zama ambazo Uingereza, kwa sheria zake za mwaka 1940 na 1945, ilitenga fedha kwa ajili ya maendeleo na ustawi wa makoloni. Baada ya Uhuru, Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 iliweka nafasi ya kifungo cha nje, na Sheria ya Bodi za Parole ikafuata mwaka 1994.

Msukumo mpya ulitoka kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zimbabwe ilianza kuwapa wakosaji wadogo kazi za kuhudumia jamii badala ya jela, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya na wa shirika la Penal Reform International, lililoundwa mwaka 1989. Mkutano wa Kadoma, nchini humo, uliueneza mfano huo Novemba 1997. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, na Tanzania mwaka 2002. Sheria ya Tanzania yahusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3.

Uzito wa jambo hili waonekana Mkula. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na ruhusa ya wanavijiji kuokota kuni kavu humo ilikoma mwaka 2011. Kazi ya nyumbani ikageuka kosa. Kwa mkulima wa mpunga, kukosekana shambani mwezi mmoja wakati wa kupanda kwaweza kumpotezea mavuno ya mwaka mzima, na watoto wake wakaitumikia adhabu pamoja naye.

Hakimu atakaye kumwacha mkosaji nyumbani ahitaji taarifa ya afisa aliyefika kijijini, akauliza jamaa na majirani, na atakayerudi tena kuangalia. Safari hizo ndizo gharama, na msaada wa mgeni una kikomo kilichoandikwa katika mkataba. Taarifa isipokuwapo, mlango wa gereza u wazi daima. Fedha za nje zilisaidia kuleta mfano na mafunzo. Lakini uangalizi hautadumu bondeni mpaka nao utengewe fungu lake katika hazina ya nchi, kama Kiberege ilivyopewa shamba.