Kadi Isiyofika Mbali

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilipolegezwa, nyingi nilizoziona hapa Shinyanga zilikuwa za mitumba, zimeungwaungwa: mashine mpya, kadi ya zamani ndani yake.

Ndoa hiyo ina kisa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na nyaya 20 za anwani. Kila waya mmoja ukiongezwa, anwani huwa maradufu. Nyaya 20 zikafikia megabaiti 1 ya kumbukumbu. Mwaka 1984 ikaja AT yenye nyaya 24, mwisho megabaiti 16, na kadi zilizotengenezewa mashine hiyo zikarithi mpaka huo. Mwaka uliofuata Intel ikatoa 80386 yenye nyaya 32.

Sasa mtu anaweka kumbukumbu ya megabaiti 32. Kadi yake ya diski haifiki nusu ya juu. Ni kama tarishi anayejua tarakimu mbili tu: barua ya nyumba 105 huipeleka nyumba 05. Programu iliyoandikwa vizuri hupokea mzigo chini, kisha ikaupandisha, japo kwa kuchelewa. Isiyojua hilo huandika data pasipo pake, na hesabu za ofisi zikaharibika kimya kimya.

Baadaye kadi za nyaya 32 nazo zilikwama kwenye gigabaiti 4.

Basi, kabla ya kumlaumu fundi au kutupa fedha kwenye kumbukumbu zaidi, ulizeni kwanza: kadi hii inafika wapi?